Uzito wa Nyanya na Maji ya Arkimedi

Jumamosi iliyopita nilimpeleka binti yangu kwenye somo lake la kwanza la kuogelea kule Acocks Green, mtaa wa hapa Birmingham, Uingereza. Mlango wa kioo ulipofunguka, harufu ya klorini ilinipiga usoni, ile harufu yenye ukali na uvuguvugu kwa pamoja, na miguu yangu ikagoma. Binti yangu akanivuta mkono. Mhudumu wa mapokezi akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa, lakini kusema kweli sikuwepo pale. Nilikuwa msichana wa miaka tisa, nimeficha chupa ya plastiki ndani ya koti, na moyo unanidunda kama wa mwizi.

Siku hizo tulikaa Bordesley Green, kwenye nyumba ya matofali mekundu iliyobanwa katikati ya wenzake kama mtu aliyekaa kwenye benchi la kanisa siku ya Pasaka. Mama alikuwa muuguzi, na hospitali yake ilikuwa mwendo wa miguu tu. Baba, ambaye alilelewa Mombasa na kujivunia Kiswahili chake cha kunyooka, alifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate. Mimi nilizaliwa hapa hapa Birmingham. Kiswahili cha nyumbani nilikielewa, au nilidhani nakielewa, lakini kila nilipoulizwa jambo nilijibu kwa Kiingereza, na wazazi wangu walikuwa wamechoka kunikemea.

Kisha Nyanya akaja. Alikuwa mama yake Mama, mwanamke wa milima ya Taita, mpana wa mabega, aliyepanda na kushuka mashamba ya matuta maisha yake yote akiwa na kuni mgongoni. Alianguka kwenye utelezi, akavunja nyonga. Mfupa uliunganishwa na ukapona, madaktari wakasema hakuna kasoro, lakini Nyanya hakusimama tena. Alisema miguu imemkana. Mama akamleta kwetu, sebule ya mbele ikageuzwa chumba chake, na televisheni ikahamia jikoni.

Kila siku Mama alirudi kutoka kazini, ambako alikuwa ameinua wagonjwa tangu asubuhi, akavua koti, akaenda kumwinua mama yake. Nilimsikia akihesabu mpaka tatu, kisha mgumio, kisha kimya. Baba hakusaidia. Alisimama kwenye korido, mikono imemlegea, anatazama zulia. Nilimwona mvivu. Sikujua, hadi Mama aliponieleza, kwamba kwa watu wetu mkwe hamshiki mama mkwe, na kwamba angemwinua mara moja tu, Nyanya angeona aibu ambayo isingemtoka. Kila mtu katika nyumba ile alikuwa na sababu yake ya kuumia.

"Nimekuwa gunia," Nyanya alisema siku moja akiwa ameketi kitandani, anajitazama magoti. "Gunia la mtu mwingine kubeba."

Kila siku Baba alimsifu mwenzake mmoja wa kazini. "Leo Arkimedi katupandishia unga wote mpaka juu," alisema akivua viatu. Au, "Arkimedi kakwama leo, tumekaa saa mbili bila kazi." Nilimjenga huyo mtu kichwani mwangu. Alikuwa Mkongo, niliamua, kwa sababu jina lilikuwa na Kifaransa ndani yake. Alikuwa na kifua kama kabati na vumbi la unga kwenye nyusi. Basi jioni moja, baada ya kusikia mgumio wa Mama kutoka sebuleni, nilimwendea Baba jikoni nikamwambia kwa Kiingereza changu kwamba amlete Arkimedi nyumbani. Kama anaweza kuinua unga wote ule, hatashindwa na Nyanya. Na yeye si mkwe wa mtu.

Baba alicheka hadi akashika sinki. Kisha akaona uso wangu, akaacha kucheka.

"Arkimedi alikufa zamani, Wakesho," alisema. "Zamani sana, kabla ya Yesu kuzaliwa. Alikuwa Mgiriki, mtu wa hesabu. Ile mashine yetu ni parafujo kubwa inayozunguka ndani ya bomba, inapandisha unga taratibu, ngazi kwa ngazi. Watu wanasema yeye ndiye aliyeibuni, kwa ajili ya kupandisha maji. Sisi tunaiita kwa jina lake."

Nilimwomboleza kidogo yule Mkongo wangu. Lakini mahali pake akaingia mtu wa ajabu zaidi, kwa sababu kuanzia jioni ile Baba alianza kunisimulia. Alinisimulia habari za mfalme aliyetengenezewa taji la dhahabu akamshuku sonara kuwa amechanganya fedha ndani yake, na jinsi Arkimedi alivyoingia kwenye beseni kubwa la kuogea, akaona maji yakimwagika, akaruka nje na kukimbia barabarani bila nguo kwa sababu alikuwa amepata jibu. Alinisimulia jinsi alivyojigamba kwamba akipewa mahali pa kusimama na mtaimbo mrefu wa kutosha, angeusogeza ulimwengu. Baba alichukua ubao wa kitanda kibovu na tofali, akanionyesha. Mimi, mtoto wa miaka tisa, niliinua pembe ya kabati la nguo kwa mkono mmoja. Nilishusha na kuinua, nikashusha na kuinua, hadi Mama akapiga kelele kutoka chini. Baba alinisimulia pia alivyokufa: askari wa adui alimkuta anachora maduara mchangani, naye akamwambia asiyavuruge maduara yake.

"Na askari?" niliuliza.

"Askari hakujua hesabu," Baba alijibu.

Nilitafuta daftari la shule lililobaki na kurasa, nikaandika juu yake kwamba ni la maswali ya kumuuliza Arkimedi. Kama uliona maji yanamwagika, kwa nini hukuvaa kwanza? Je, duara lina mwanzo? Mfalme alimfanya nini sonara? Sijui nilitarajia nani atanijibu.

Jaribio lililobadilisha mambo lilifanyika asubuhi moja, Baba akiwa anachelewa kazini. Alikuwa ameniahidi tangu wiki iliyotangulia. Alichukua ile mizani ya ndoano ambayo kila nyumba ya Mkenya huku inayo, ya kupimia mabegi ya safari, akalifunga tofali kwa kamba, akalitundika. Tukasoma namba. Kisha akalishusha polepole ndani ya ndoo ya maji. Namba ilishuka. Tofali lilikuwa lile lile, kamba ile ile, lakini lilikuwa jepesi.

"Uzito umeenda wapi?" nilimuuliza.

Baba alikuwa na kiatu kimoja mguuni, kingine anakitafuta chini ya meza. "Maji yameuchukua," alisema, akabusu utosi wangu, akatoka mbio.

Yameuchukua. Nililitazama lile tofali muda mrefu. Kisha nikakimbia sebuleni.

Hoja yangu ilikuwa rahisi. Nyanya ni mzito, maji yanachukua uzito, basi Nyanya aingie majini. Mama alisema hapana kabla sijamaliza. Nyanya alisema hapana kwa sauti kubwa zaidi. Alikuwa mtu wa milima. Maji aliyoyajua ni ya mtungi na ya mto wa kufika kwenye vifundo vya miguu. Zaidi ya hayo, angevaa nini? Na atazamwe na nani? Jirani yetu, Mama Ifrah, Msomali aliyekulia Nairobi, Eastleigh, alikuwa ameleta sambusa. Alisikiliza yote, kisha akaweka kikombe chini.

"Nyanya, kuna siku ya wanawake peke yao," alisema. "Jumamosi asubuhi. Mimi huenda na nguo zangu ndefu hivi hivi, mpaka na mtandio. Madirisha wanafunika. Na wako na kiti maalum, unakaa, kinakushusha pole pole mpaka ndani. Hakuna mwanamume hata wa kufagia."

"Asante, mwanangu," Nyanya alijibu. "Lakini mimi si samaki."

Jambo likaishia hapo, hadi siku Mama alipohesabu mpaka tatu na hatukusikia mgumio. Tulisikia kishindo. Nilipoingia walikuwa wote wawili kwenye zulia, Nyanya amelala juu ya mkono wa Mama, na Mama uso umepauka, hawezi kugeuka, mgongo umemkamata. Baba alifika mlangoni akasimama. Kwa mara ya kwanza nilimwona mtu mzima asiyejua aweke wapi mikono yake. Nyanya ndiye aliyesema: "Baba Wakesho, mwinue mke wako. Mimi niache hapa nilipo." Naye akafanya hivyo. Mama Ifrah na binti zake wawili wakaja kumwinua Nyanya. Alipokwisha kuketi kitandani, akajipangusa uso na ncha ya leso, akasema bila kumtazama yeyote, "Nipelekeni huko majini."

Nakumbuka kila kitu cha asubuhi ile. Vigae vilivyo baridi chini ya nyayo, sauti za wanawake zikigonga dari na kurudi, mvuke kwenye madirisha yaliyofunikwa kwa karatasi. Nyanya alivaa dira nyeusi, gauni refu na pana la Mama Ifrah, juu ya suruali ya kulalia. Alikaa kwenye kile kiti ameshika mikono yake kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Kiti kikashuka. Maji yakafika magotini, akaanza Baba Yetu kwa Kitaita. Yakafika kiunoni, akaongeza kasi. Yakafika kifuani, akanyamaza.

Mama alikuwa majini mbele yake, mgongo umepona nusu. "Shika mikono yangu, Mama. Simama."

Nyanya alisimama. Hakuna aliyehesabu. Alisimama kama mtu anayeinuka kutoka kwenye kiti cha kanisani, akabaki hivyo, dira imemzunguka kama ua.

"Nani amenishika nyuma?" aliuliza.

"Hakuna mtu, Mama."

"Wakesho, angalia. Nani amenishika?"

Nilizunguka nyuma yake nikitapatapa kama mbwa. "Hakuna mtu, Nyanya."

Akapiga hatua moja. Akapiga nyingine. Alitembea kutoka ukingo hadi kwa Mama Ifrah, na kutoka kwa Mama Ifrah akarudi, na alipofika alikuwa anacheka, kicheko cha chini cha tumboni ambacho sikuwahi kukisikia. Mama alikuwa analia, lakini pale ndani kila mtu alikuwa ameloa uso, kwa hiyo hakuna aliyejali.

Tukawa tunaenda kila Jumamosi. Baada ya wiki chache Nyanya aliweza kusimama nyumbani akiwa ameshika fremu yake ya kutembelea, baadaye akafika jikoni, akaanza kumfundisha Mama kupika vitu ambavyo Mama alikuwa anapika miaka ishirini. Mimi nilikuwa mwanasayansi wa nyumba. Kila Jumapili nilimwomba Nyanya apande kwenye mizani ya bafuni akishika sinki kidogo tu, nikaandika namba kwenye daftari langu. Nilitaka kuona kanuni ya Arkimedi ikifanya kazi.

Ikafanya kazi kupita kiasi. Sabini na nane. Sabini na sita. Sabini na tatu na nusu. Mwanzoni nilifurahi. Kisha pete yake ya ndoa ikadondoka kwenye unga wa chapati. Kisha sketi ikashikwa kwa pini, halafu kwa pini mbili. Usiku wa Jumamosi mikono yake ilitetemeka akishika kikombe, lakini alikula kuliko Baba. Sitini na tisa. Nilikaa na daftari langu kwenye ngazi, na polepole nikaelewa, kama mtu anayeona maji yakipenya chini ya mlango. Maji yalikuwa yanachukua uzito wa Nyanya na hayaurudishi. Kila Jumamosi kidogo. Ilikuwa hoja yangu mimi. Mimi ndiye niliyempeleka huko.

Sikumwambia mtu. Mtoto mwenye hatia hana wa kumwambia. Lakini nilikuwa na akili ya Arkimedi, au hivyo nilidhani: ikiwa uzito wake uko ndani ya yale maji, basi lazima yarudi nyumbani. Jumamosi iliyofuata, wakati Mama anamkausha Nyanya nywele, nilishusha chupa bwawani, nikaijaza, nikaificha ndani ya koti. Ilinisumbua baridi ubavuni njia nzima ndani ya basi. Nyumbani nikayamimina yale maji kwenye birika la umeme, nikayachemsha, nikatia majani, maziwa, sukari vijiko vitatu, nikampelekea Nyanya chai kwenye kikombe chake cha bati.

Alikunywa funda moja. Akakitazama kikombe. Akanitazama mimi.

"Chai hii ina nini?"

Nikaanza kwa Kiingereza, lakini Nyanya hakuwa na Kiingereza cha kutosha kwa jambo kubwa kama lile, na Mama alikuwa juu amelala. Ikanibidi nitafute maneno. Nadhani ndiyo sentensi ndefu ya kwanza niliyowahi kusema kwa Kiswahili, na niliisema huku kamasi zinanitoka.

"Nyanya, maji yamechukua uzito yako. Baba alisema. Kila Jumamosi yanachukua. Wewe unaisha. Mimi nimeleta maji, unywe, uzito irudi."

Hakucheka. Hilo ndilo ninalomshukuru mpaka leo. Aliweka kikombe chini, akapiga godoro kwa kiganja, nikaketi.

"Kuchukua ni nini?" aliniuliza.

"Kuiba."

"Nani kakwambia? Mama yako nilimchukua tumboni miezi tisa. Nilimwiba?"

Nilitikisa kichwa.

"Kuni nilizichukua mgongoni. Nilimwibia nani? Kuchukua ni kubeba, mwanangu. Maji yananichukua, yaani yananibeba. Nikitoka, yananiachia mzigo wangu wote, hayabaki na hata punje. Wewe hujaniona ninavyolemewa nikirudi kwenye kile kiti?"

Nilikuwa nimeona. Kila mara, maji yakimwachia kifua, kisha kiuno, alitoa sauti kama mtu anayetwishwa ndoo. Nilikuwa nimeona na sikuwa nimeandika.

"Basi kwa nini unapungua?"

Nyanya aliitazama mikono yake. Ilikuwa inatetemeka juu ya mapaja. "Hilo ndilo swali," alisema. "Hata mimi nimejiuliza. Moyo unanienda mbio usiku kama nimekimbizwa. Nilinyamaza kwa sababu nilijua nikisema mtanikataza kwenda." Akavuta pumzi. "Ni mahali pekee ambapo mimi si gunia."

Tulikuwa watu wawili wenye siri moja. Kisha akasema, "Leta lile daftari lako. Twende kwa mama yako." Akaishika fremu, akapanda ngazi, hatua kwa hatua, mimi nyuma yake nimenyoosha mikono kana kwamba ningeweza kumdaka.

Mama aliketi kitandani akasoma zile namba, akarudia. "Mimi ni muuguzi," alisema. "Mimi ni muuguzi, Mama!" Hakuwa anamkemea Nyanya. Jumatatu walikwenda kwa daktari, nami nikakataa kwenda shule mpaka nikachukuliwa. Daktari, mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia kwenye mnyororo, alichukua daftari langu, akapita juu ya maswali ya kumuuliza Arkimedi bila kutabasamu, akasoma namba za Jumapili moja baada ya nyingine. "Nani aliandika?" aliuliza. Nikainua mkono kama darasani. "Umenisaidia sana," alisema.

Ilikuwa tezi ya shingoni. Ilikuwa inafanya kazi kupita kiasi, Mama alinieleza, na kuuchoma mwili kama jiko ambalo limesahauliwa kuzimwa. Kuna vidonge. Angepona, lakini moyo upumzike kwanza, na bwawa lisubiri.

Baba aliposikia habari ya chai alikaa kwenye ngazi, mikono kichwani. "Uliniuliza swali zuri," alisema, "nami nikalijibu nikiwa na kiatu kimoja." Jumapili ile alinirudishia deni lile kwa njia yake. Aliiweka ndoo ya maji juu ya mizani ya bafuni, akaniambia nisome. Kisha akalitundika tofali kwenye ile mizani ya mabegi, akalishusha ndani ya maji bila kugusa chini. Mizani ya juu ilipungua, kama zamani. "Sasa tazama ya chini," alisema. Ilikuwa imeongezeka. Tulirudia mara nne. Kiasi kilichopotea juu kilikuwa kimeonekana chini, chote.

"Haukwenda popote," nilisema, kwa Kiswahili.

"Haukwenda popote. Maji yanaupokea, ndoo inayapokea maji, sakafu inaipokea ndoo."

Kwa hiyo kumbe asubuhi ile, Nyanya alipouliza nani amemshika, jibu lilikuwepo. Alishikwa na maji, na maji yalishikwa na bwawa zima, na bwawa na ardhi ya Birmingham. Nilikuwa nimemwambia hakuna mtu, na kwa maana fulani nilikuwa nimemdanganya.

Nyanya aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alirudi Taita, akazeeka, na amezikwa kwenye shamba lake. Lakini kabla hajaondoka kulikuwa na Jumamosi moja, baridi imeisha, vidonge vimefanya kazi, shavu limerudi mahali pake, na daktari ameruhusu. Tulikuwa watatu majini, Nyanya, Mama na mimi. Nyanya alitembea kwenda na kurudi kwa dakika chache, kisha akasimama katikati, akawa anamtazama msichana mmoja aliyekuwa amelala chali juu ya maji, macho kwenye dari.

"Niachie," alimwambia Mama.

"Mama, hapana. Hujawahi."

"Niachie mkono."

Mama alimwachia. Nyanya aliegemea nyuma polepole, kama mtu anayejaribu kitanda cha ugenini, na miguu yake, ile iliyomkana, ikapanda juu yenyewe. Dira ikajaa hewa kifuani. Maji yakamfunika masikio. Mama alianza kumwita, "Mama! Mama, inatosha!" na Nyanya hakujibu, kwa kuwa hakusikia kitu. Alikuwa anatazama juu, midomo imefunguka kidogo, uso wa mtu anayesoma jambo refu. Mama aliita mara ya tatu, sauti ikamwishia njiani. Akashusha mikono. Tulisimama pale, mtu na mama yake, maji yametufika kifuani, tukamngoja Nyanya amalize.